Bloti, ELISA au spektrometa: upime vipi protini za sato aliyeshambuliwa na virusi, ukiwa Dodoma

Sato akishambuliwa na virusi leo, protini za kukuonyesha hilo hazitokei zote kwa mkupuo. Zipo za siku ya pili, zipo za siku ya sita, na zipo za wiki ya tatu. Ukichagua kipimo bila kujua samaki wako yuko siku ya ngapi utamaliza vitendanishi bure, na vitendanishi vya kazi hii havipatikani Soko la Majengo.

Ulinganisho huu ni wa wanafunzi wa uzamili, mafundi sanifu wa maabara na maofisa uvuvi walioko Dodoma, Singida na vijiji vinavyozunguka Hombolo na Mtera: watu wenye jeli, friji ya kawaida, umeme unaokatika, na safari ya kilomita 260 hivi hadi Morogoro wakihitaji msaada. Njia zinazolinganishwa ni tatu: Western bloti (protini zinatenganishwa kwa uzito kwenye jeli, zinahamishiwa kwenye utando na kutambuliwa kwa kingamwili), ELISA (kingamwili na rangi kwenye sahani ya visima) na spektrometri ya masi (mashine inayotambua protini kwa uzito wa vipande vyake). Ila kinachowaangusha wengi si mashine. Ni kiungo walichokata, na namna walivyokihifadhi kati ya bwawa na maabara. Huko ndiko maneno mengi yamekwenda.

PCR inaishia wapi

PCR, kipimo cha kunakili na kutafuta jeni, inajibu swali moja vizuri: virusi vimo au havimo. Mfano ulio karibu nasi ni TiLV, virusi vya perege na sato vilivyoelezwa kisayansi mwaka 2014 kutokana na vifo vya samaki huko Israeli, vyenye jeni zilizogawanyika katika vipande 10 vya RNA. Mwaka 2018 ilichapishwa ripoti kwamba RNA ya TiLV imeonekana kwa PCR kwenye sato wa Ziwa Victoria, wa kufugwa na wa ziwani, upande wa Tanzania na wa Uganda, ilhali samaki wenyewe hawakuonyesha dalili. Hapo PCR inakuacha njia panda. Samaki ana virusi na chakula anakula: je, amevidhibiti, ndiyo kwanza vimeingia, au ni mabaki tu? Jibu liko kwenye kile mwili wake unachotengeneza.

Wapo wanaojaribu kukata kona kwa kupima RNA ya ujumbe (mRNA, agizo la kutengeneza protini) ya jeni za kinga kwa mashine ile ile ya PCR. Ni kazi rahisi, na kwa maswali mengine inatosha. Kwa virusi ina mtego. Seli ya samaki inapogundua RNA ya nyuzi mbili, kimeng'enya kiitwacho PKR hubandika fosfati kwenye protini ya eIF2α, na utengenezaji wa protini unapunguzwa, za virusi na za seli yenyewe. Samaki wana na ndugu yake, PKZ, ambaye mamalia hawana. Matokeo yake RNA ya ujumbe inaweza kupanda sana huku protini yake ikijikongoja. Ukiandika kwamba kinga imepanda kwa sababu RNA imepanda, umeandika nia ya seli. Kilichofanyika hukukipima.

Protini na siku zake

Ndani ya saa chache walinzi wa seli, protini kama MDA5, TLR3 na TLR22, wanaitambua RNA ngeni. Ishara inapita kwa protini za IRF3 na IRF7, interferoni, protini ya kutahadharisha, inatolewa, seli jirani inaipokea na kuamsha STAT1 na STAT2. Interferoni yenyewe usihangaike nayo: ni kidogo mno, hata spektrometa nzuri huikosa. Tafuta zile inazoamrisha zitengenezwe. Za kukumbuka ni tatu: Mx yenye uzito wa kilodaltoni (kizio cha uzito wa protini) 70 hivi, viperini yenye 41 au 42, na ISG15 ya 15 hadi 17. Kwenye maji ya vuguvugu huanza kuonekana kuanzia siku ya pili, na Mx inaweza kudumu kwa wiki moja au mbili.

Kundi la pili ni kengele za jumla: C3 ya mfumo wa komplimenti (protini za damu zinazosaidia kinga), amiloidi A ya seramu, transferini, HSP70. Hizi zinalia kwa kila mgeni. Bakteria aina ya Streptococcus au Aeromonas atazipandisha, na HSP70 inapanda hata kwa joto la mchana kwenye bwawa la nailoni lenye kina cha nusu mita. Ukipeleka HSP70 peke yake kama ushahidi wa virusi, msomaji mkali ataichana karatasi yako ukurasa wa kwanza.

Kundi la tatu ni kingamwili, hasa IgM. Hizo ni za wiki ya pili hadi ya nne, na maji yakipoa zinachelewa zaidi kwa kuwa joto la samaki ni joto la maji yake. Juni na Julai usiku wa Dodoma ni wa blanketi. Ongeza muda wa kusubiri. Samaki aliyekufa siku ya tano hakupata nafasi ya kutengeneza IgM ya virusi hivyo, kwa hiyo usimhesabu kuwa hasi kwa sababu ELISA imekaa kimya.

Western bloti: protini chache unazozijua kwa jina

Bloti inakufaa ukiwa tayari na protini mbili au tatu unazotaka kuziona. Unapakia mikrogramu 20 hadi 30 za protini kila mstari. Jeli ya asilimia 10 inatosha kwa Mx na viperini. Kwa ISG15 panda hadi asilimia 15 na utumie utando wenye matundu ya mikromita 0.2, maana ule wa 0.45 huiachia ipite. ISG15 ina tabia ya kujibandika kwenye protini nyingine, kwa hiyo usishangae kuona mstari mmoja chini na ngazi ya mistari hafifu juu yake. Ngazi hiyo ni sehemu ya jibu. Usiikate picha.

Sasa angalia kosa moja kwa karibu, kwa sababu linarudiwa kila mara. Mtu anapima viperini, halafu anachukua beta-aktini kuwa kipimo cha usawa wa upakiaji. Aktini ina kilodaltoni 42. Viperini ina 41 au 42. Mistari miwili inakaa mahali pamoja. Anaufua utando ili aondoe kingamwili za mwanzo, ufuaji haukamiliki, anaweka kingamwili ya aktini, na anachokipiga picha ni mchanganyiko wa zote mbili. Samaki wenye virusi wanaonekana wana aktini nyingi kuliko wazima; akigawanya namba, ongezeko la viperini linayeyuka. Tumia GAPDH yenye 36 hivi, au bora zaidi upake utando rangi ya Ponceau kabla ya kuuzuia na uhesabu jumla ya protini kwenye mstari mzima. Ponceau ni rahisi, inaoshwa kwa maji, na haina jirani wa kugombana naye.

Mx nayo ina majirani. Mnyororo mzito wa IgM ya samaki unakaa kwenye 70 na kitu, transferini pia iko karibu hapo. Bandama iliyojaa damu itakuwekea mstari mnene eneo hilo hilo. Ndiyo maana kila utando unahitaji mstari wa samaki aliyechomwa sindano ya poly I:C, kitu kinachoiga RNA ya virusi, na mstari wa samaki mzima wa kundi lile lile. Bila hiyo miwili mstari wa kilodaltoni 70 hauna jina.

Kikwazo kikubwa cha bloti ni kingamwili zenyewe. Nyingi za madukani zimetengenezwa dhidi ya protini za binadamu au panya. Aktini na HSP70 hazijabadilika sana kati ya viumbe, kwa hiyo hushika kwa samaki. eIF2α yenye fosfati kwenye serini ya 51 nayo kwa kawaida hushika, kwa kuwa eneo hilo limebaki vile vile. Mx na viperini usizibahatishe: tafuta kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya samaki, au linganisha mfuatano wa amino asidi wa kipande kilichotumika kuitengeneza na ule wa sato kabla hujalipa. Ukipima fosfati, zuia utando kwa albumini ya ng'ombe, usitumie maziwa ya unga. Kaseini ya maziwa imejaa fosfati na itakuchafulia mandhari yote.

ELISA: samaki wengi, swali moja

Kwa kuuliza kama bwawa hili liliwahi kukutana na virusi, ELISA haina mpinzani. Sahani moja ya visima 96, ukiweka kila samaki mara mbili pamoja na vidhibiti, inakupa samaki 40 hivi kwa siku. Seramu inayohitajika ni mikrolita chache tu, ikichanganywa 1 kwa 100 na kuendelea. Unapaka antijeni ya virusi, mikrogramu 1 hadi 5 kwa mililita, unazuia, unaweka seramu, kisha kingamwili ya kushika IgM ya sato, kisha rangi.

Mahali inapoharibika ni pawili. IgM ya samaki ni kubwa, ina vipande vinne vilivyoungana, na ushikaji wake ni wa kulegalega. Kwenye mchanganyiko mzito kama 1 kwa 20 inagandia plastiki na kila mtu anaonekana chanya. Pili ni kukosa seramu hasi ya kweli. Kikomo cha chanya kinatokana na wastani wa samaki hasi ukijumlisha mkengeuko sanifu mara mbili au tatu. Kama samaki wako hasi walitoka kwenye kituo ambacho vifaranga vyake vimepita mabwawa matatu, kikomo hicho ni cha kubuni. Zaidi ya hapo ELISA haina mengi.

Spektrometri ya masi: ukitaka kujua usichokijua

Hapa protini zote zinakatwakatwa kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata baada ya laisini na ajinini, na mashine inapima uzito wa vipande ili kompyuta ivitambue. Unapata maelfu ya protini kwa mara moja: Mx ikipanda, vimeng'enya vya mafuta vikishuka, vipande vya komplimenti, na hata protini za virusi zenyewe kama ni vingi. Genomu ya sato imechapishwa tangu 2014, kwa hiyo orodha ya kulinganishia ipo. Hilo ni jambo kubwa. Anayefanya kazi hii kwa samaki asiye na genomu anatafuta jina kwenye daftari la kijiji kingine.

Kwa kawaida huandaliwa mikrogramu 50 hadi 100, zinavunjwa vifungo vya salfa kwa DTT ya milimola 10, zinafungwa kwa iodoasetamidi gizani kwa dakika 20 hadi 30, kisha tripsini sehemu 1 kwa protini sehemu 50, usiku mzima kwenye digrii 37. Kinachoingia kwenye mashine mwishoni hakizidi mikrogramu moja. Sabuni za maabara kama SDS na Triton ni sumu ya kipimo hiki zisipoondolewa. Keratini ya ngozi na nywele zako itatokea kwenye orodha. Vaa glavu na mikono mirefu, funika jeli.

Lakini ugonjwa wa kipimo hiki kwa samaki ni protini chache zinazokula nafasi yote. Damu ikibaki kwenye bandama, hemoglobini inatawala. Kwenye ini na seramu ya jike aliyekomaa ni vitelojenini, protini ya kiini cha yai, iliyojaa kiasi cha kuzima sauti za nyingine. Ukilinganisha majike wagonjwa na madume wazima umepima jinsia. Chukua madume watupu au vifaranga wasiokomaa. Mabwawa yenye sato wa dume tupu yanakusaidia hapa, ila pasua na uangalie mwenyewe. Ugeuzaji jinsia haufanikiwi kwa kila kifaranga.

Na usiunganishe bandama za samaki watano kwenye kichupa kimoja ili upunguze gharama. Samaki mmoja aliyewaka sana anawabeba wanne waliolala, na hutajua. Afadhali samaki sita kila kundi, kila mmoja peke yake, kwa siku mbili ulizozichagua vizuri, kuliko siku sita za mchanganyiko.

| | Western bloti | ELISA | Spektrometri ya masi |
|---|---|---|---|
| Inajibu nini | protini 1 hadi 4 zenye jina | kingamwili kwa samaki wengi | nini kimebadilika kwa jumla |
| Sampuli | mikrogramu 20–30 kwa mstari | mikrolita chache za seramu | mikrogramu 50–100 |
| Siku inayofaa | ya 2 hadi ya 10 | wiki ya 2 na kuendelea | ya 2 hadi ya 7 |
| Kinachoangusha | kingamwili isiyoshika protini ya samaki | seramu hasi ya uongo | damu, sabuni, vitelojenini |
| Ukiwa Dodoma | fanya hapa | fanya hapa | andaa jeli hapa, pima kwingine |

Bandama, ini, seramu au ute

Kwa virusi, bandama (wengine huiita wengu) ndiyo chaguo letu la kwanza. Seli za kinga zimejaa humo, na Mx inaonekana mapema. Ubaya wake ni udogo: kwa sato wa gramu 100 mara nyingi haifiki gramu 0.3, na imelowa damu. Ikate vipande viwili, isuuze haraka kwenye PBS (maji ya chumvi ya maabara) baridi mara mbili, ikaushe kwenye karatasi ya kuchujia. Figo ya mbele inafanana nayo kwa kazi, ila kuikwangua bila kuchukua misuli kunahitaji mkono uliozoea.

Ini ni kubwa, linatosha vipimo vyote, na TiLV inaliumiza moja kwa moja: seli zake huungana na kuwa mafungu yenye viini vingi. Ukitaka kuona madhara ya ugonjwa kwenye matumizi ya mafuta na sukari, ini ndilo. Ukitaka protini zinazoamrishwa na interferoni peke yake, litakupa kelele nyingi. Sato wa kufugwa kwa pumba ana ini la mafuta kama siagi. Hapo safisha protini kwa asetoni baridi kabla ya kuzipima, la sivyo vipimo vya kiasi vitadanganya.

Seramu inakuacha na samaki hai, ukichukua damu isiyozidi mililita 1 kwa kila gramu 100 za uzito wake, kwenye mshipa wa mkiani kwa sindano ya 23G. Iache igande frijini, zungusha kwa 3,000 g dakika 10. Ikiwa nyekundu, itupe: hemoglobini inaharibu ELISA ya rangi ya peroksidi, na kwenye bloti inakaa kwenye 15 na 16, mlangoni kwa ISG15. Ukitaka plazima, jua unachokipoteza. EDTA inaua utendaji wa komplimenti, heparini inazuia PCR kama ulipanga kutafuta virusi kwenye kichupa hicho hicho.

Ute wa ngozi unapendwa kwa sababu hauumizi na unaweza kumfuata samaki yule yule wiki hadi wiki. Kwa maoni yetu usianze nao. Umejaa vimeng'enya vya kula protini, bakteria wa bwawani, na kiasi chake kinategemea jinsi ulivyokwangua. Protini ikipungua huwezi kujua kama kinga imeshuka au ulikwangua kwa huruma.

Samaki mwenyewe usimkimbize. Dakika chache za purukushani kwenye wavu zinatosha kubadilisha homoni za msongo, na zikiendelea HSP70 inafuata. Mafuta ya karafuu yanatuliza vizuri: changanya sehemu 1 na spiriti sehemu 9 kwanza, kwa kuwa hayayeyuki kwenye maji peke yake, kisha pima ili upate miligramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji yenye hewa. Chagua samaki anayeyumba au aliyejitenga pembeni. Aliyeelea tangu alfajiri, jua la saa tano likiwa limempata, protini zake zimeshaanza kujila. Mpeleke PCR, bloti mwondolee.

Njiani kutoka bwawani

Nitrojeni ya maji na barafu kavu ndizo zinazosemwa na kila mwongozo. Kama una mtungi wa nitrojeni, ule wa mbegu za uhimilishaji wa ng'ombe unafaa, tumbukiza vichupa na uhamishie kwenye digrii 80 chini ya sifuri. Njia hii ndiyo inayoacha milango yote wazi, pamoja na vipimo vya utendaji wa vimeng'enya. Inakufa siku umeme unapokatika kwa muda wa saa kumi na jenereta haina mafuta. Friza ya nyumbani ya digrii 20 chini ya sifuri si mbadala wake, hasa zile zinazojiyeyushia barafu: kila zinapojipasha, sampuli nayo inapashwa.

RNAlater inakupa RNA na protini kwa kichupa kimoja. Kipande kisizidi nusu sentimita, kimiminika mara tano ya ujazo wake, na kwenye joto la digrii 25 unayo wiki moja hivi kwa RNA. Kwenye gari lililoegeshwa Chamwino mchana, hesabu siku moja. Protini zinabaki lakini zimegandishwa na chumvi. Kabla ya kuiweka kwenye SDS, suuza kipande, la sivyo mistari ya jeli itapinda kama barabara ya Kolo.

Njia ya tatu haipewi heshima yake, na kwa Dodoma ndiyo tunayoitetea: kuchemsha kwenye SDS pale pale kando ya bwawa. Andaa SDS asilimia 2 kwenye Tris-HCl ya milimola 50. Usitie DTT bado, kwa kuwa inavuruga kipimo cha BCA cha kujua kiasi cha protini, na usitie rangi ya buluu. Epuka bafa yenye potasiamu. SDS na potasiamu hugandiana kuwa unga mweupe. Kwa miligramu 30 za bandama weka mikrolita 300, ponda kwa mchi wa plastiki ndani ya kichupa, funga kifuniko kwa kibanio kisiruke, kipachike kwenye kipande cha stairofomu kinachoelea na ukiache dakika 10 kwenye sufuria ya maji yanayotokota. Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya bahari, maji yanatokota kwenye digrii 96 hivi. Miongozo inataka 95. Jiko la gesi dogo limekupa kipimo bila kipimajoto.

Baada ya hapo hakuna kimeng'enya kilicho hai cha kula protini, na fosfati za eIF2α zimebaki zilivyokuwa samaki alipokatwa. Kichupa kinasafiri siku kadhaa bila barafu. Utakutana na matatizo mawili. La kwanza, kimiminika kinavutika kama bamia. Hiyo ni DNA, na kwa samaki ni nyingi kuliko ulivyozoea kwa sababu hata seli zao nyekundu za damu zina kiini. Ipitishe kwenye sindano ya 25G mara kumi, itakatika. La pili, asubuhi ya Julai utakuta fuwele nyeupe chini ya kichupa. Ni SDS imeganda kwa baridi, protini hazijaharibika. Ipashe kwenye maji ya uvuguvugu, tikisa, ndipo upime. Ukipakia kabla ya kuipasha, mstari mmoja utapata nyingi na wa pili patupu. Usomaji wa kawaida wa BCA hapa ni miligramu 5 hadi 10 kwa mililita. Ukiona 1 au 2, kipande hakikupondeka.

Na spektrometri je, si tulisema SDS ni sumu yake? Jeli inaitatua. Pakia mikrogramu 50, acha protini ziingie sentimita moja tu ndani ya jeli, zima umeme, paka rangi ya Coomassie, kata kipande chote cha buluu kwa wembe mpya, kiweke kwenye kichupa chenye asidi ya asetiki asilimia 1. SDS imeondoka, protini zimekaa kwenye jeli, na maabara ya mbali itazikata kwa tripsini humo humo. Unachokipoteza ni utendaji: kichupa cha SDS hakifai kwa ELISA wala kupima komplimenti, kwa hiyo seramu ichukue pembeni kabla hujampasua samaki.

Kwa hiyo uchague nini

Mfugaji wa Bahi amepoteza nusu ya vifaranga kwa siku tano na unataka kujua kama ni virusi: PCR kwa virusi, bloti ya Mx na ISG15 kwenye bandama za samaki sita wanaoyumba na sita wa bwawa jirani lisilo na vifo. Otesha na bakteria kutoka kwenye figo. Mx ikiwa juu na PCR ikiwa chanya, una kesi. C3 na HSP70 zikiwa juu lakini Mx imelala, tazama sahani ya bakteria kwanza, kisha oksijeni ya alfajiri.

Kukagua kituo cha vifaranga kabla ya kununua mzigo wa msimu: ELISA kwa wazazi, pamoja na PCR. Bloti hapo ni kupoteza muda.

Tasnifu ya uzamili kuhusu namna sato anavyojibu virusi: bandama na ini, siku ya 2 na ya 6, madume, samaki sita kila kundi, vyote kwenye SDS. Anza na bloti ya Mx kwa samaki wote. Wale tu ambao bloti imeonyesha wamewaka, pamoja na vidhibiti vyao, ndio wakatiwe vipande vya jeli kwa ajili ya spektrometri. Utapeleka vipande kumi na viwili badala ya arobaini na nane, na ukipata orodha ya protini tayari una Mx uliyoipima kwa njia nyingine ya kuilinganishia. Andika wazi kwamba uliwachagua hivyo, kwa kuwa orodha hiyo ni ya walioitika na haiwakilishi bwawa zima.

Andika namba kwa penseli kwenye karatasi ngumu na uifunge na kichupa. Wino wa kalamu unafutwa na spiriti. Kama vipande vinavuka mpaka, kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na mkataba wa kuhamisha sampuli vianze kushughulikiwa kabla hujamvua samaki wa kwanza. Vikichelewa, vipande vya jeli kwenye asidi ya asetiki vinakaa wiki kadhaa kwenye friji ya digrii 4. Badilisha asidi ikianza kuwa buluu, na angalia vifuniko kila Jumatatu, kwa sababu jeli iliyokauka haitoi peptaidi.